Kutoka Simu ya Reli hadi Kidhibiti Mwendo: Historia Fupi ya Mawasiliano ya Mfuatano na Msamiati Wake

Utangulizi

Makala haya yanadurusu historia ya jambo ambalo sisi walimu wa lugha tumezoea kuwaachia wahandisi, yaani namna kompyuta inavyoiamuru mashine yenye mota iende, igeuke au isimame, kwa kupeleka ishara moja baada ya nyingine katika waya mwembamba. Huenda msomaji akajiuliza walimu wa Kiswahili wanatafuta nini karakana. Sababu ipo. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Watoto watakaopitia mpango huo hawatakuwa wote washairi na watangazaji. Wengine watakuwa mafundi mitambo wa Nalukolongo, Jinja na Namanve, na watafanya kazi bega kwa bega na wenzao wa Mwanza na Eldoret. Siku fundi mmoja atakapomwambia mwenziwe "isimamishe", hapana budi wote wawili wawe na maana moja ya neno hilo, kwani tofauti ya maana hapo yaweza kumgharimu mtu vidole.

Hoja yangu ni kwamba msamiati huo hautapatikana kwa kuketi na orodha ya maneno ya Kiingereza na kuyapachikia visawe. Njia iliyo bora ni kuifahamu kwanza kazi yenyewe na historia yake. Na historia hiyo si ya mbali kama inavyodhaniwa. Mawasiliano ya aina hii yalifika Uganda miongo mingi kabla ya kompyuta, na yalipofika, Kiswahili kilikuwa tayari na jina lake.

Simu ni waya

Neno simu asili yake ni Kiajemi, ambamo sim ni waya (na pia ni fedha, ile madini). Wasomaji wengi wa leo wakisikia simu huwaza chombo cha mkononi kisicho na waya wowote, lakini kamusi za Kiswahili za zama za ukoloni ziliieleza simu kuwa telegrafu na habari iliyopelekwa kwa telegrafu. Mazungumzo ya sauti yalikuja baadaye. Ndiyo maana ilibidi watu watofautishe simu ya maandishi na simu ya mdomo, na mawasiliano ya redio yalipotokea yakaitwa simu ya upepo, yaani, tukifuata asili ya neno, "waya wa upepo". Luganda nayo ikalichukua neno hilo na kulivika kiambishi chake: essimu. Basi Mganda asemaye essimu yange anataja waya pasipo kujua.

Wapo wanaodai kwamba tunasema kupiga simu kwa sababu karani wa telegrafu alikuwa akipigapiga kitufe. Madai hayo yanavutia, lakini siyaafiki. Kiswahili hupiga picha, hupiga pasi, hupiga kura na hupiga hatua. Kitenzi hiki hakihitaji kitufe cha karani ili kieleweke.

Tuje kwenye tarehe. Mwaka 1879 kebo ya baharini kutoka Aden ilifika Zanzibar na kuendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Mwaka 1890 Mombasa ikaunganishwa na Zanzibar. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika ukingo wa Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwezi Desemba 1901. Waya wa telegrafu ulifuatana na reli, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukawa umefika Uganda kwenyewe. Reli ilichelewa zaidi: treni haikufika Kampala hadi mwaka 1931. Waya, kwa hiyo, uliutangulia mji wetu katika mambo mengi.

Njiani waya ulipata misukosuko. Wanandi waliupinga ukoloni kwa silaha hadi mwaka 1905, na mojawapo ya mambo waliyofanya ni kuukata waya wa telegrafu na kuutumia kwa mapambo. Kwa serikali huo ulikuwa wizi. Kwa Mnandi ulikuwa waya mzuri uliopitishwa katika ardhi yake bila idhini yake. Tukio hilo linafaa kukumbukwa kwa sababu ya kiufundi pia, nami nitalirudia nitakapozungumzia namna mashine inavyotofautisha waya ulionyamaza na waya uliokatika.

Reli hiyo ilikuwa ya njia moja. Treni ya kwenda na treni ya kurudi zilitumia chuma kilekile, na zilipishana vituoni tu. Katika mpango wa namna hiyo usalama wote unategemea maafikiano: treni haiondoki kituo hiki mpaka kituo cha mbele kikiri kwamba njia ni tupu na kwamba kinaisubiri. Swali linakwenda kwa waya, jibu linarudi kwa waya, ndipo dereva anapewa ruhusa. Hebu tuitazame kazi hiyo kwa macho ya mhandisi wa leo. Kuna kituo kinachotoa amri, kuna waya mmoja unaobeba ishara moja baada ya nyingine, kuna jibu linalosubiriwa, na mwisho wake kuna chuma kizito kinachosogea au kinachobaki palepale. Hayo ndiyo mawasiliano ya kompyuta na kidhibiti mwendo. Kilichobadilika ni ukubwa wa treni.

Urefu wa herufi

Telegrafu ya mwanzo ilitumia alama za Morse, yaani nukta na vistari. Alama hizo hazina urefu mmoja. Herufi inayotumika sana katika Kiingereza, e, imepewa nukta moja tu. Tukihesabu kwa kipimo cha kawaida, ambapo kistari ni nukta tatu na pengo la ndani ya herufi ni nukta moja, e inachukua kipimo 1 lakini a inachukua 5. Sasa mwalimu yeyote wa Kiswahili anajua ni irabu ipi imetapakaa katika lugha yetu. Tazama sentensi kama "baba na kaka walikwama barabarani". K, herufi nyingine tusiyoweza kuishi bila yake, inachukua vipimo 9, na w vilevile 9. Hakuna aliyekusudia kukionea Kiswahili. Mpangilio ulitengenezwa kwa lugha nyingine, basi.

Mfaransa Émile Baudot aliondoa tofauti hiyo. Katika mfumo aliousajili mwaka 1874, kila herufi ilipewa ishara tano, si zaidi wala si pungufu, na kila ishara ama ipo ama haipo. Ishara tano za namna hiyo zinatoa michanganyiko 32, inayotosha herufi 26 na nafasi chache za ziada. Hapo a na e zikawa sawa. Jina la Baudot limebaki katika kipimo cha kasi ya ishara, baudi, ambacho mafundi wetu hukitaja kila siku.

Michanganyiko 32, hata hivyo, haitoshi herufi pamoja na tarakimu na alama za uandishi. Mfumo wa kimataifa uliotumiwa na mashine za teleksi ulitatua tatizo kwa kuzipa ishara zilezile maana mbili, pamoja na ishara maalumu ya kuhamia upande wa tarakimu na nyingine ya kurudi upande wa herufi. Ritifaa iliwekwa upande wa tarakimu. Kwa hiyo mtu wa Kampala aliyetaka kuandika ng'ombe kwa teleksi alipeleka n, g, kisha ishara ya kuhama, ritifaa, ishara ya kurudi, ndipo o, m, b, e. Neno lenye alama saba lilihitaji tisa. Na iwapo ishara ya kurudi ilipotea njiani, ng'ombe wake alifika akiwa mkia wa tarakimu na vituo. Waganda hawakuwa na nafuu: herufi ŋ ya Luganda haikuwamo kabisa, wala haikuwamo katika ASCII, mfumo wa Kimarekani wa mwaka 1963 ambao kompyuta na vidhibiti mwendo vingi vingali vikiutumia kupokea amri. Nadhani wanafunzi wa isimu wangefaidika kulichunguza jambo hili kuliko kukariri tena fasili za fonimu.

Kuanza na kukoma

Ugumu mkubwa wa waya mmoja ni kujua herufi inaanzia wapi. Mtu anayesikiliza waya anaona mkondo wa umeme upo, haupo, upo, upo, haupo. Akikosea mahali pa kuanzia kuhesabu, kila kitu kinachofuata ni upuuzi. Ni kama mtu aliyepewa maandishi yasiyo na nafasi kati ya maneno. "Kaamahali" inaweza kuwa kaa mahali au kaa ma- hali fulani, na msomaji wa lugha anajua ni mara ngapi mwanafunzi wa darasa la pili amekwama hapo.

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, huko Marekani, Charles Krum na mwanawe Howard waliendeleza utaratibu ambao haujaachwa hadi leo. Waya ukiwa umetulia, unabaki katika hali moja, ile ya mkondo kupita. Kabla ya kila herufi mashine inakata mkondo kwa kipimo kimoja cha wakati: hiyo ni ishara ya kuanza. Zinafuata ishara za herufi. Kisha mkondo unarudi kwa muda usiopungua kiasi fulani, nayo ni ishara ya kukoma. Mpokeaji huianza upya saa yake kila anapoona ishara ya kuanza. Hana haja ya kwenda sambamba na mtumaji siku nzima. Anachohitaji ni kutopotea kwa muda wa herufi moja tu.

Na hapa ndipo Wanandi wanaporudi. Kwa kuwa waya uliotulia hupitisha mkondo, waya uliokatwa haufanani na waya ulionyamaza. Mashine ya teleksi iliyokatiwa waya ilijua kuwa imekatiwa, ikaanza kukerekeza kama iliyopagawa. Ukimya ulikuwa na alama yake, na kukatika kulikuwa na alama yake.

Teleksi ya kawaida ilikwenda kwa baudi 50. Kila herufi ilikuwa na kipimo 1 cha kuanza, 5 vya herufi, na 1.5 cha kukoma, jumla 7.5. Ukigawanya unapata herufi 400 kwa dakika, kasi ambayo mpiga chapa hodari angeona ni ya kumchosha lakini si ya kumshinda.

Desturi mbili za teleksi zastahili kutajwa kwa sababu zimeingia katika kompyuta. Ya kwanza: palikuwa na ishara maalumu ya kuiuliza mashine ya upande wa pili "wewe nani?", nayo ilijibu yenyewe kwa jina lake, hata kama ofisi ilikuwa tupu usiku wa manane. Karani hakuanza kuandika ujumbe wake kabla ya kupata jina hilo. Sisi tungesema amepiga hodi. Ya pili: tarakimu zilizokuwa katika ujumbe zilirudiwa mwishoni, ili mpokeaji azilinganishe. Neno likiharibika, akili ya msomaji hulitengeneza. "Kampxla" bado ni Kampala. Tarakimu ikiharibika, inabaki kuwa tarakimu nyingine nzima, isiyo na kovu.

Kampala makao makuu

Kuna sadfa moja ambayo sijaona ikitajwa. Mwaka 1952 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ile iliyoanzishwa mwaka 1930 kusanifisha lugha, ilihamishia makao yake Makerere, ikakaa hapa takriban miaka 10 kabla ya kwenda Mombasa na hatimaye Dar es Salaam, ambako ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka huohuo wa 1952, chuo cha MIT kule Marekani kilionyesha hadharani mashine ya kuchonga chuma iliyoendeshwa kwa tarakimu zilizotobolewa katika utepe wa karatasi, utepe wa aina ileile ya ukoo wa telegrafu. Na mwaka 1960, Kamati ikingali Makerere, chama cha viwanda vya elektroniki vya Marekani kikatoa kanuni iitwayo RS-232, iliyoeleza namna mashine ya ofisini na modemu zitakavyounganishwa: waya upi unatuma, upi unapokea, ni volti ngapi zihesabiwe kuwa 1 na ngapi zihesabiwe 0. Kwa miaka hiyo basi, Kampala ilikuwa mji wa usanifishaji, na Marekani nayo ilikuwa ikisanifisha. Kila upande ulikuwa ukiamua mambo ya herufi. Hawakujuana.

Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki ulitiwa saini hapa Kampala tarehe 6 Juni 1967. Mashirika ya pamoja yaligawanywa: reli na ndege makao makuu Nairobi, bandari Dar es Salaam, na Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki likaletwa Kampala. Kwa muda wa miaka 10, maamuzi kuhusu nyaya, simu na teleksi za nchi tatu yalipitia mji huu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na kipande chake, na Uganda ikaunda shirika lake la posta na simu, lililodumu hadi lilipogawanywa mwaka 1998. Kwa maoni yangu hasara ya mwaka 1977 kwa lugha haijapimwa. Mafundi wa nchi tatu waliokuwa chini ya mwajiri mmoja, waliotembeleana na kurekebisha mitambo pamoja, walikuwa na sababu ya kila siku ya kutumia Kiswahili cha ufundi. Istilahi hukua mahali watu wanapogombana juu ya kazi moja.

Kamba iliunganishwa tena kwa njia ndogo. Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta ya Makerere ilianzishwa mwaka 1985. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti kamili kufika nchini, Charles Musisi aliendesha hapo kituo cha barua pepe kilichojulikana kwa jina MUKLA, kikitumia mfumo wa FidoNet: barua zinakusanywa, kisha kompyuta inapiga simu kwa modemu, inazirusha zote kwa pamoja na kupokea zinazokuja. Wakati huohuo mradi wa ESANET uliviunganisha kwa njia ya namna hiyo vyuo vikuu vya Uganda, Kenya, Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Modemu iliunganishwa na kompyuta kwa kebo ya RS-232 ileile ya mwaka 1960, na ndani ya kebo kila herufi ilitanguliwa na ishara ya kuanza na kufuatwa na ishara ya kukoma, kama alivyotaka mzee Krum. Kwa kasi ya biti 2400 kwa sekunde, barua ya herufi 4000 ilichukua sekunde 17 hivi. Waya ukiwa na kelele, kipande kilichoharibika kilirudiwa, na bei ya simu ikapanda.

Kuiwekea mashine masikio

Sasa tufike karakana. Kidhibiti mwendo ni kisanduku kinachopokea amri fupi za maandishi kutoka kompyuta na kuzigeuza kuwa umeme unaozungusha mota kwa hesabu. Mota ya hatua ya kawaida huzunguka mzunguko mzima kwa hatua 200. Ikiambiwa iende hatua 1000, itazunguka mara 5 na kusimama. Vidhibiti vya namna hii vimo katika mashine za kukatia mbao na vyuma, katika vichapishi vya vitu vya plastiki, katika vifaa vya maabara. Katika miaka ya 2000 mradi wa iLabs uliounganisha Makerere na MIT, Dar es Salaam na Ile-Ife uliwawezesha wanafunzi kufanya majaribio kwa vifaa halisi wakiwa mbali navyo. Gari la umeme la Kiira EV, lililojaribiwa Makerere mwezi Novemba 2011, ni la ukoo uleule kwa maana pana: magari ya siku hizi hupashana habari baina ya sehemu zao kwa mfumo wa CAN, uliotangazwa na kampuni ya Bosch mwaka 1986, ambao nao hupeleka biti moja nyuma ya nyingine katika jozi ya nyaya.

Kuunganisha kompyuta na kidhibiti kuna mambo ambayo mwalimu wa lugha atayatambua mara moja. Kwanza nyaya. Waya wa kutuma wa upande mmoja lazima uende kwenye waya wa kupokea wa upande wa pili: mdomo kwa sikio. Vifaa viwili vya aina moja vikiunganishwa kwa kebo iliyonyooka, vinakuwa kama watu wawili wanaosemea mdomoni mwa mwenzake, na ndiyo maana ikabuniwa kebo ya kupishanisha. Waya wa tatu ni wa ardhi, kwani volti haina maana bila mahali pa kuipimia. Katika kiunganishi cha pini 9 cha kompyuta, pini ya 2 hupokea, ya 3 hutuma, ya 5 ni ardhi. Fundi mwenye busara hupima kwanza kwa kuunganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya: akiandika neno na neno likamrudia, anajua kompyuta yake haina kilema.

Pili ni mapatano. Pande zote mbili ziambiwe kasi ileile, idadi ileile ya biti kwa herufi, na utaratibu uleule wa kukagua na kukoma. Waya wenyewe haubebi habari hizo. Kama kompyuta inasema kwa baudi 9600 na kidhibiti kinasikiliza kwa 4800, kidhibiti hakisikii ukimya; kinasikia herufi, ila si zilizotumwa. Saa za pande mbili zikipishana kwa karibu asilimia 5, biti za mwisho za herufi huanza kusomwa mahali pasipo pake. Kwa baudi 9600, na biti 10 kwa kila herufi, zinapita herufi 960 kwa sekunde, kwa hiyo kosa dogo halikawii kuwa kubwa.

Tatu ni hodi. Vidhibiti vingi hujibu kila amri. Vile vya kampuni ya Galil, kwa mfano, hurudisha nukta mbili vikiielewa amri na alama ya kuuliza visipoielewa. Programu isiyosubiri jibu ni sawa na mgeni anayefungua mlango na kuingia huku anabisha. Inafaa kuanza kwa swali lisilosogeza kitu, kama vile kuuliza mota iko wapi sasa, kabla ya kutoa amri yoyote ya kwenda. Hiyo ni ile "wewe nani?" ya teleksi.

Nne ni ukaguzi. Katika ASCII, tarakimu 1 huandikwa 0110001, na 9 huandikwa 0111001. Tofauti yake ni biti moja. Kelele ya mota kubwa iliyo jirani na kebo ikiigeuza biti hiyo, amri ya hatua 1000 inafika ikiwa hatua 9000, na mota iliyotakiwa kuzunguka mara 5 inazunguka mara 45. Kidhibiti hakina sababu ya kushangaa, kwani 9000 ni amri halali. Dawa ya zamani ni kuongeza biti moja inayohakikisha kwamba idadi ya biti zenye 1 ni shufwa daima (au witiri daima, mkikubaliana hivyo). Biti moja ikigeuka, hesabu inaharibika na kosa linaonekana. Biti mbili zikigeuka pamoja, halionekani. Kwa sababu hiyo mafundi waangalifu huiuliza mashine irudie namba iliyoipokea kabla ya kuanza kwenda, kama makarani wa teleksi walivyozirudia tarakimu zao.

Maneno ya kujadili

Kuhusu istilahi, nina mapendekezo machache na sababu zake. Wengi hutafsiri aina hii ya mawasiliano kuwa "mawasiliano ya mfululizo". Neno hilo si baya, lakini kufululiza ni kwenda bila kusita, hali utaratibu wa Krum ulibuniwa makusudi ili mtumaji aweze kusita baina ya herufi muda wowote apendao. Ninapendelea mfuatano: kimoja nyuma ya kingine, pasipo kudai kwamba hakuna kupumua. Kinyume chake, ambapo nyaya nyingi hubeba biti nyingi kwa wakati mmoja, kimekwisha kuitwa sambamba, nami sina ugomvi nacho.

Kwa biti ya ukaguzi, walimu wa hisabati wametutangulia: biti ya shufwa, biti ya witiri. Biti ya kuanzia na biti ya kukomea hazihitaji maelezo. Itifaki tunayo tangu zamani katika mambo ya kidiplomasia. Kwa kule kuulizana na kujibiana kabla ya kazi, sioni kwa nini tusiseme hodi na itikio, badala ya kutafsiri "kupeana mikono", jambo ambalo nyaya haziwezi kulifanya.

Neno gumu ni lile nililoanza nalo. Vidhibiti mwendo vina namna mbili za kusimama. Moja ni kupunguza mwendo taratibu hadi mashine itulie, bila kupoteza hesabu ya mahali ilipo. Nyingine ni kuacha mara moja, liwe liwalo, hata kama mzigo utateleza na hesabu kupotea. Vidhibiti huzipa amri mbili tofauti. Katika Kiswahili cha karakana zote mbili huitwa kusimamisha. Ninapendekeza tuliza kwa ile ya kwanza na katisha kwa ile ya pili, na kitufe chekundu cha dharura, ambacho kinapaswa kukata umeme wa mota chenyewe bila kupitia kompyuta wala kebo ya mawasiliano, kiandikwe KATA. Mwenzangu mmoja wa upande wa uhandisi anaona katisha na kata zinakaribiana mno kwa mtu mwenye hofu, na kwamba sauti ya kwanza ikifanana, mkono utakwenda pasipo pake. Hoja hiyo ina uzito. Jingine ambalo halijaamuliwa ni uandishi wa kidhibiti mwendo: maneno mawili au moja, na wingi wake. Wanafunzi wa mofolojia wa mwaka wa tatu walio na maoni juu ya maneno haya wayalete idarani kwa maandishi, yakiwa na mifano ya matumizi kutoka kwa mafundi wenyewe.